Ulimi wa Mke Wangu Umesahau Chumvi

Mshauri wetu mpendwa, kama umenizidi umri shikamoo, na kama nimekuzidi basi naomba usinicheke, maana anayekuandikia ni mtu mzima mwenye mvi na amekwama kabisa, nahitaji msaada wako kabla mambo hayajaharibika. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na kurekebisha suruali za walionenepa na waliokonda, cherehani yangu iko barazani kwetu, na aliyenifanya nishike kalamu ni mke wangu, mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha magodoro, na nakuomba usome mpaka mwisho hata nikizunguka, kwa sababu nikianza kumzungumzia mama watoto huwa sijui pa kusimama.

Kwanza umjue. Anapika sufuria kubwa ambazo kuzishusha jikoni kunahitaji watu wawili na matambara ya maji, na tangu aanze kazi hiyo hajawahi kuonja kwa kijiko, yeye anadondosha mchuzi kwenye kiganja, anaupuliza, analamba, halafu anatazama juu ametulia kana kwamba kuna mtu anamnong'oneza, na akishusha macho anajua kinachopungua na anajua ni kiasi gani. Wafanyakazi wamembandika jina la Injinia, wanasema kiwanda kina mainjinia wa mashine lakini mashine ikiharibika watu wanapumzika, sufuria ikiharibika kiwanda kizima kinanuna. Nimewahi kupita pale saa ya chakula nikaona mameneja na wapakiaji kwenye foleni moja, kila mmoja anamsalimia kwa adabu ili apate nyama iliyonona, na nikajisikia mkubwa utadhani mimi ndiye niliyepika.

Mwaka jana alishikwa na kizunguzungu mbele ya jiko, wenzake wakamkalisha juu ya gunia la vitunguu, nesi wa kiwanda akampima na kumkimbiza hospitali, presha iko juu sana, na daktari akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba akiendelea hivyo kiharusi kitamkuta na mwiko mkononi. Akapewa vidonge vya kila siku na masharti, apunguze sana chumvi, apunguze mafuta, aongeze mboga na matunda, atembee, alale vya kutosha. Mshauri, najua unapokea barua nyingi za watu waliopewa masharti wakayafuata mpaka Jumapili, lakini huyu mwanamke aliyashika kwa mikono miwili. Kopo la chumvi lilitoka mezani siku hiyohiyo, vile viungo vya pakiti ambavyo alipenda akavigawa, akaacha kupanda gari kwenda kazini, akawa anakwenda kwa miguu asubuhi na mimi namsindikiza mpaka njia panda ndipo narudi kwenye cherehani. Mwanzoni chakula kilimtesa, alikuwa anatafuna huku machozi yanamlengalenga, anasema, "Baba watoto, hii si mboga, hii ni karatasi," halafu anameza na kuchukua tonge jingine. Mtu ambaye maisha yake yote ni ladha, amenyimwa ladha, na hakuiba hata punje! Gauni zake nimezipunguza kiunoni kwa mkono wangu mwenyewe, na presha ikashuka mpaka daktari akadhani kipimo kimekosea, akapima na mkono wa pili. Alipotoka pale alitembea mbele yangu ukumbini kifua mbele, nami nyuma nimebeba mkoba wake, na sioni aibu kukwambia kwamba nililia kidogo.

Sasa nifike kwenye yangu. Siku ile tuliporudi na masharti nilijiapiza moyoni kwamba jioni nitakula anachokula na sitalalamika hata siku moja, maana niliogopa nikitaka chungu changu cha pembeni atakuwa anapika chumvi mbele ya pua yake na uzalendo utamshinda. Kwa hiyo kila jioni akiniuliza, "Vipi, chakula?" mimi najibu, "Kitamu, mama watoto, kimekolea," ingawa wiki za mwanzo nilikuwa nakula kwa imani tu, na mchana, yeye akiwa kazini, nakula vya mgahawani. Nilidhani nafanya jambo jema na bado sijui kama nilikosea.

Tatizo ni kwamba ulimi wake ulibadilika na sisi hatukujua. Tulialikwa kwa dada yake, kuku akaletwa, mke wangu akaonja akamuuliza dada yake kama kopo la chumvi limedondokea humo, mezani tukacheka mpaka mtu akapaliwa, kumbe yule kuku alikuwa wa kawaida kabisa. Nami nilicheka na wengine, sikuwaza kwamba mtu huyuhuyu kesho atakuwa anaonja sufuria za kiwanda kizima kwa kiganja chake.

Kantini ikaanza kulalamika. Yeye hakuamini, akadhani wanamtania, halafu akaingiwa na wasiwasi, akaanza kupika nyumbani sufuria ndogo ya maharage kwa namna ya kantini, ananiletea barazani kabla ya chakula cha jioni, anasema, "Hebu onja uniambie ukweli, ulimi wangu siuamini tena." Na mimi, mshauri, sindano ziko mdomoni, akili iko kwenye pindo la sketi, nikadhani ni lile swali la siku zote, anataka kutiwa moyo, nikatoa sindano nikaonja maharage yaliyopooza nikamwambia, "Hapa umefika, usiongeze hata punje." Akaenda kazini akapika vilevile. Wakalalamika, akawajibu kifua mbele kwamba nyumbani ana mtu mwenye ulimi mzima na amethibitisha.

Nilikuja kujua siku msaidizi wake mmoja aliponiletea koti la jikoni lililochanika kwapa. Akanitazama akasema, "Fundi, kumbe wewe ndiye unayepitisha yale maharage? Watu wanakuja na chumvi mfukoni wameifunga kwenye karatasi, na Injinia anawaambia wewe umesema yamekolea." Nilijichoma sindano. Nikamjibu, "Mwachie koti, atalikuta kesho," jibu ambalo hata mimi sikulielewa.

Kabla sijapata ujasiri wa kusema, msimamizi wa kantini akamwita, akamwambia wageni wa mkurugenzi wameacha chakula kwenye sahani, wapakiaji wanakwenda kununua vya kukaanga getini, na kama ladha ya zamani hairudi mpaka mwisho wa mwezi atapewa mwingine sufuria kubwa, yeye atahamishiwa kwenye kuosha na kukata mboga. Alirudi nyumbani, akavua viatu akakaa kitandani na mkoba bado begani, akanisimulia hayo. Kesho yake akanunua karanga za chumvi. Nikamuuliza za nani, akasema, "Zangu. Nimeupoteza ulimi wangu, naurudisha." Tangu hapo anakula karanga hizo njiani, anakunywa supu ya chumvi kazini, chakula chake cha nyumbani anakinyunyizia, anafanya kama mtu anayefanya mazoezi, halafu ananiuliza, "Na hii je?" Kichwa kinamuuma kisogoni, anasema ni jua. Tulipita duka la dawa nikamwomba apime, akakubali kwa kununa, presha imepanda tena, na siku yake ya kliniki imepita hakwenda, anamwonea aibu daktari yule aliyemsifia.

Binti yetu mkubwa anasema mama aache kazi tu apumzike. Nilipogusia hilo mke wangu aliniangalia kwa utulivu ulionitisha, akasema, "Nikiacha kupika nitakuwa nani humu ndani?" Mshauri, ninaogopa. Naogopa kumzika mwanamke ambaye alikwishashinda. Na naogopa nikimwambia kwamba yale maharage yalikuwa yamepooza atauliza na yale ya mwaka mzima, na kila "kitamu" niliyomwambia itageuka uongo, na nguvu zote alizozijenga juu yake zitaanguka. Je, nimkataze kazi? Niende kwa msimamizi nikamweleze mimi mwenyewe? Au ninyamaze nianze tu kuonja kwa ukweli kuanzia leo, bila kufukua ya nyuma? Nisaidie, napoteza usingizi na nimeshona mfuko wa sare ya mtoto wa watu nje ndani.

Ni mimi, Fundi wa Barazani.

JIBU

Fundi, wewe kaa kwanza kwenye benchi usubiri, nataka nianze na mkeo.

Nimekuwa kwenye safu hii muda mrefu, na watu wa presha wananiandikia kila wakati. Wengi wanataka niwaambie kuna jani fulani la kuchemsha ili waendelee kula walivyozoea. Mkeo hakutafuta jani. Mpishi aliyeishi kwa ulimi wake alikubali kula karatasi, akatembea, akameza vidonge, akashusha presha mpaka daktari akakitilia shaka kipimo. Nimeisoma sehemu hiyo mara mbili. Kama unaweza, mfikishie salamu zangu umwambie kuna mwanamke gazetini, naye ni mmeza vidonge vya presha, amemvulia kofia.

Haya, simama sasa.

Wewe ni mume mzuri, sitaki uliruke hilo. Kula chakula kilichopooza kila jioni bila kununa, barazani kwako mwenyewe, kwa ajili ya mtu mwingine, ni mapenzi ambayo wengi huwa wanayaimba tu. Lakini kuna jioni mkeo alikuja kwako na sufuria ndogo, akasema waziwazi ulimi wake hauamini tena, na akaomba wako. Aliazima kiungo cha mwili wako, fundi! Mteja akikuuliza kama suruali inambana, unamwambia imekaa vizuri ili asijisikie vibaya, halafu ikamchanikia kanisani au msikitini? Humwambii. Sasa mbona maharage yalikupita? Uliacha kumsikiliza kwa sababu ulikuwa umezoea kumsifia, na sifa nayo ikizidi inaziba masikio ya anayeitoa.

Kwa hiyo suala la kunyamaza na kuanza "kuonja kwa ukweli kuanzia leo" lisahau. Ukigeuka ghafla, yeye atadhani ulimi wake umeharibika zaidi na ataongeza karanga. Anajitia sumu ili kurekebisha kosa ambalo nusu yake ni yako, na hajui. Mwambie. Mwambie mkiwa wawili, binti asiwepo, na cherehani isiwe inalia. Useme hivi: niliapa kula unachokula, nikaapa nisilalamike, na siku uliponiuliza kwa ajili ya kazi sikutofautisha. Atakasirika. Pengine atakulaza na mgongo wake siku kadhaa. Pokea. Usijitetee, na usimwambie "nilifanya kwa ajili yako," maana maneno hayo hata yakiwa ya kweli yanamfanya aliyekosewa awe na deni.

Unaogopa ushindi wake utaanguka. Hauwezi kuanguka, kwa sababu haukusimama juu ya sifa zako. Presha haikushuka kwa kusikia "kitamu". Ilishuka kwa sababu yeye hakula chumvi. Kile alichokifanya kiko kwenye mishipa yake, na kilipimwa mikono yote miwili.

La pili halisubiri hasira ziishe. Mpeleke kliniki, hata kama siku yake imepita, hata kama hamsemeshani njiani. Kichwa kinachouma kisogoni na presha iliyopanda si jua. Aende na vidonge vyake mkononi, aseme ukweli wote wa karanga na supu, na kama kuna siku ameruka dawa aseme pia. Madaktari wameona mengi, karanga hazitawashtua. Asiache vidonge na asijiongezee mwenyewe. Na kabla hamjafika huko, akipata maumivu ya kichwa yasiyo ya kawaida, macho yakawa na ukungu, kifua kikabana, mdomo ukaenda upande, mkono ukalegea au maneno yakamtatiza, hapo hakuna kuulizana, ni hospitali saa hiyohiyo.

Nimemsomea barua yako daktari mmoja ninayemwamini, na aliposikia ule ulimi alicheka kwa furaha. Anasema haujapotea. Mtu akipunguza chumvi, baada ya wiki kadhaa ulimi unazoea, unaanza kuisikia chumvi kidogo kama nyingi, na hiyo ndiyo dalili kwamba masharti yamefanya kazi. Mkeo anahangaika kuurudisha ulimi mgonjwa, wakati alionao sasa ndio mzima.

Na kazi je? Usimkataze. Ukimkataza utakuwa umeokoa mwili wa mtu ambaye hayumo tena ndani yake. Kwa msimamizi usiende wewe, mke wako ana miguu, na tena ya mazoezi. Aende yeye amweleze: nilipata presha, nimebadili chakula, ulimi wangu wa chumvi umebadilika, na hivi ndivyo nitakavyofanya. Msimamizi anayeletewa tatizo na dawa yake kwa pamoja huwa mpole kuliko mnavyomfikiria.

Dawa yenyewe ni hii. Wanamwita Injinia, na injinia halambi kiganja, anapima. Atafute kikombe kimoja cha chumvi, kiwe hichohicho kila siku, wakubaliane na wasaidizi wake kipimo cha kila sufuria kama zamani. Yule aliyekuletea koti anaonekana ana ulimi mzuri na ujasiri wa kutosha, basi awe ndiye mwonjaji wa chumvi. Mkeo aonje mengine yote: kitunguu kimeiva au bado kinanuka, kitunguu saumu kimezidi, tangawizi, pilipili manga, limau la mwisho lile linaloamsha mchuzi. Mambo hayo kwa ulimi wake wa sasa atayasikia kuliko mtu yeyote jikoni mle, kwa kuwa chumvi haimzibi tena. Akionja, tone moja linatosha, asinywe supu. Kisha wakishatulia, apunguze kile kikombe kidogokidogo, mwezi huu kidogo, mwezi ujao kidogo, na limau lipande chumvi ikishuka. Ndimi za wapakiaji zitamfuata bila kujua zinapelekwa wapi. Kosa lake lilikuwa kuwavusha watu wote kwa mkupuo mmoja njia ambayo yeye mwenyewe aliivuka akilia. Usidhani kwenye foleni ile hakuna wengine wenye presha. Wapo, wengi tu hawajapima.

Tukiwa hapo hapo kwenye kupima: barua yako ndefu, umenieleza kiuno cha mkeo, kisogo chake, mikono yake yote miwili, na sijaona mahali ulipopima ya kwako. Mtu mwenye mvi, anakaa kwenye kiti kutwa, hapati usingizi kwa mawazo! Siku mnayokwenda kliniki na wewe kunja mkono wa shati.

Nyumbani karanga za chumvi zitoke, akipenda karanga ale zisizo na chumvi. Kiasi cha chumvi cha mtu mzima kwa siku nzima hakitakiwi kuvuka kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo imo ile iliyojificha kwenye mkate, samaki wa chumvi na vitu vya pakiti. Mwenye presha daktari anaweza kumshusha hata chini ya hapo. Ile chumvi inayouzwa kwamba ni ya wagonjwa wa presha msinunue kabla ya kumuuliza daktari, si kila figo inaiweza. Matembezi yaendelee, na safari hii usiishie njia panda kila siku, siku nyingine mfikishe mpaka getini.

Halafu jioni moja, hasira zikishapoa, atakuwekea sahani mbele na kukuuliza swali lake. Usiseme kitamu. Tafuna, mwangalie usoni, mwambie, "Hakina chumvi, mama watoto." Halafu sogeza sahani akuongezee chakula.